Tangi la matumbawe linapougua: dalili, chanzo, na mahali pa kuacha

Mtu akinipigia simu kuhusu tangi lake la maji chumvi, neno la kwanza huwa lile lile: "Jana lilikuwa zima kabisa." Halikuwa zima. Tumbawe unaloliona limepauka leo lilianza kuumia wiki mbili nyuma, chumvi ilipokuwa ikipanda kidogo kidogo, au feni ilipohamishiwa chumba cha watoto. Kwa hiyo nimepanga mambo kwa dalili, jinsi watu wanavyozieleza wenyewe, na chini ya kila dalili naanza na chanzo ninachokikuta mara nyingi kisha nashuka hadi cha nadra. Mfano wangu ni tangi la lita 200 sebuleni Dar es Salaam, kwenye joto, unyevu na umeme usiotabirika. Aliye Nairobi au Arusha ageuze jambo moja tu: kwake hita ndiyo roho ya tangi, kwetu ni feni.

Pima kabla hujatia mkono

Viwango ninavyolenga ni hivi:

- Joto: nyuzi 25 hadi 27. Pwani utaishi na 28. Ikifika 29 anza kuhangaika.
- Chumvi: sehemu 35 kwa 1,000, ambayo kwenye refraktomita (kifaa cha kupima chumvi kwa mwanga) ni 1.026 hivi.
- Amonia na naitraiti: 0. Hapa hakuna "kidogo tu".
- Alkaliniti (uwezo wa maji kupinga uchachu, hupimwa kwa dKH): dKH 8 hadi 9.
- Kalisi 400 hadi 450, magnesi 1,250 hadi 1,350 (miligramu kwa lita).
- Naitreti 2 hadi 10, fosfati 0.03 hadi 0.1 (nazo ni miligramu kwa lita). Sifuri si ushindi, nitaeleza.

Kipimo chenyewe nacho kinadanganya. Mimi niliwahi kuendesha tangi miezi minne nikiamini chumvi yangu ni 35, kumbe ni 31. Refraktomita niliisawazisha kwa maji safi, ikasoma sifuri vizuri, nami nikaridhika. Kifaa kinaweza kuwa sahihi kwenye sifuri na kupotoka kwenye 35. Nunua kichupa cha maji ya kusawazishia ya 35, tia tone, subiri nusu dakika joto lilingane, kisha kaza skrubu. Haidromita ya mshale nayo hupotoka kiputo cha hewa kikiganda kwenye mshale. Dawa za kupimia zina tarehe ya mwisho chini ya chupa, na duka likikuuzia kwa bei nzuri mno, anza kusoma hapo.

Ukishapima, rekebisha kitu kimoja, halafu ngoja. Anayebadilisha taa, chumvi na chakula siku moja hatajua kamwe kilichomponza.

Samaki wanahema juu ya maji

Hii ndiyo dalili pekee isiyongoja vipimo. Tia hewa kwanza: washa jiwe la hewa, au elekeza pampu ya mawimbi juu hadi uso wa maji uchemke. Umeme hakuna? Chota maji kwa jagi na uyamwage kutoka juu, tena na tena, huku mtu mwingine akitafuta betri. Kisha tafuta chanzo.

Mara nyingi ni umeme uliokatika usiku. Maji ya moto hubeba oksijeni kidogo kuliko ya baridi, na ya chumvi kidogo kuliko yasiyo na chumvi, kwa hiyo tangi la pwani lenye samaki wengi lina saa chache tu pampu zikisimama. Pampu ndogo ya hewa ya betri inayowaka yenyewe umeme ukiondoka ni kitu cha kwanza kununua, kabla hata ya tumbawe la pili. Ukiwa na inveta, unganisha pampu ya mawimbi peke yake. Taa na hita zitamaliza betri bure. Matumbawe hayafi kwa kukaa gizani siku moja. Jenereta ibaki nje ya nyumba, mbali na dirisha, maana moshi wake unaua watu usingizini. Na kama una chujio la mkebe lililofungwa lililosimama kwa saa nyingi, usiliwashe tu umeme ukirudi. Ndani yake bakteria wamekufa na maji yameoza. Lifungue, lioshe, ndipo uliwashe.

Pili ni chakula. Nilikwenda kwenye harusi Tanga siku nne, jirani mwema akawalisha samaki kama anavyolisha kuku. Amonia ikafika 1. Toa mabaki, toa mzoga kama upo nyuma ya mawe, badilisha robo ya maji, usilishe siku mbili. Tangu hapo nikisafiri naacha vipakiti vya karatasi, kimoja kwa siku, na kopo lenyewe nalifungia kabatini. Tangi jipya lisilofikisha wiki nne hadi sita nalo huonyesha hivi hivi hata ukilisha vizuri, kwa kuwa bakteria wanaokula amonia hawajaenea. Samaki kuingia wiki ya kwanza ndiko kunakoua matangi mengi kuliko ugonjwa wowote.

Tatu, na hili wengi hawalifikirii: dawa ya mbu. Dawa za kupuliza za mbu na mende zina viambato vinavyoua samaki na hasa kamba na kaa kwa kiasi kidogo mno, na pampu ya hewa huvuta hewa ya chumbani na kuipeleka moja kwa moja majini. Kamba wakifa kwanza, wakifuatiwa na kaa, huku samaki wakipiga mbizi za kichaa, uliza nani alipuliza nini. Badilisha nusu ya maji, weka kaboni amilifu mpya (si mkaa wa jikoni, tafadhali), fungua madirisha. Siku ya kupuliza nyumba, zima pampu ya hewa, funika tangi kwa karatasi ya nailoni, na rudisha hewa chumba kikishapumua.

Mwisho kuna ugonjwa wa matamvua. Samaki anahema, na ukimmulika kwa tochi kutoka ubavuni unaona vumbi laini kama unga. Nenda kwenye sehemu ya vidoa hapa chini, na nenda haraka.

Tumbawe limekuwa jeupe

Kwanza jua ni weupe gani. Zima taa, mulika kwa tochi. Kama nyama bado ipo, laini na angavu, na mifupa inaonekana kupitia kwake, tumbawe limepauka: limewafukuza wale mwani wadogo wanaoishi ndani ya nyama yake na kulilisha. Bado li hai, lina njaa, na linaweza kurudi. Kama nyama haipo, umebaki mfupa mtupu wenye makali, hiyo sehemu imekufa na utando wa kijani utaishika ndani ya siku chache. Dawa za hali hizi mbili ni tofauti.

Likiwa limepauka, anza na joto. Ndilo lililoua matumbawe mengi ya pwani yetu mwaka 1998, Bahari ya Hindi ilipochemka, na halichagui bahari au sebule. Miezi ya kaskazi, hasa wa pili na wa tatu, chumba kilichofungwa mchana kinaweza kupandisha tangi hadi 31. Soma joto saa tisa alasiri. Watu wengi hupima asubuhi na kushangaa. Feni inayopuliza juu ya maji hushusha nyuzi mbili hivi kwa kuyavukiza, ila hewa ikiwa nzito kwa unyevu nguvu yake hupungua, na hapo ndipo Dar inapotushinda watu wa feni. Ikibidi, chupa ya plastiki iliyogandishwa, imefungwa barabara, ielee kwenye tangi la chini, lile linalopokea maji ya tangi kuu. Usitupe barafu yenyewe majini. Shusha polepole, nyuzi moja kwa saa kadhaa, kwani kushuka ghafla ni pigo la pili. Mwenye uwezo anunue mashine ya kupoza maji, ila ajue joto inalolitoa majini inalimwaga chumbani. Ikiwekwa ndani ya kabati iliyofungwa inajipasha yenyewe.

Kama joto ni zuri, angalia taa. Taa mpya ya LED, au ya zamani iliyoteremshwa ili "ing'ae vizuri", huunguza matumbawe ya juu kwanza na kuyaacha ya kivulini na rangi yake. Hiyo ndiyo alama. Punguza hadi asilimia 40, pandisha asilimia 5 kwa wiki. Weupe wa taa huanzia upande unaotazama juu. Wa joto huenea pande zote.

Cha tatu ni njaa. Mtu ana chujio kubwa, anabadilisha maji kila wiki, anatumia dawa ya kuondoa fosfati, halafu matumbawe yanafifia kama nguo iliyoanikwa mwezi mzima. Naitreti 0, fosfati 0. Yalishe. Ongeza chakula cha samaki, toa dawa ya fosfati, vuta pumzi.

Nyama inayobanduka ni habari nyingine. Chanzo cha kawaida ni alkaliniti iliyoruka, kwa mfano kutoka 7 hadi 10 kwa usiku mmoja kwa sababu mwenye tangi alipima, akaogopa, akamwaga. Kupandisha dKH 1 katika lita 200 kunataka gramu 6 hivi za bikaboneti ya sodiamu safi, ile ya kuokea isiyochanganywa na kitu. Iyeyushe pembeni, tia taratibu, na usipite dKH 1 kwa siku. Magadi ya kupikia maharage hayaingii humu. Yana mchanganyiko usioujua. Vivyo hivyo chokaa ya fundi mwashi. Chokaa safi ya matangi inafaa, lakini maji yake ni makali yanayounguza ngozi na macho, na hutiwa tone kwa tone, usiku.

Nyama ikibanduka kutoka chini kwenda juu kwa siku nyingi, kuna nafasi ya kuokoa ncha: kata sentimita moja au mbili juu ya mpaka wa weupe, gundisha kwenye jiwe dogo, weka penye mkondo. Ikibanduka kwa saa chache kama ngozi ya nyanya iliyochemshwa, toa tumbawe zima nje ya tangi kabla halijaoza humo na kupandisha amonia. Nadra zaidi ni wadudu: minyoo bapa na konokono uchi wanaokula nyama usiku. Mulika saa nne usiku, utafute mayai chini ya tawi. Kila tumbawe jipya linatakiwa kuchovywa kwenye dawa ya wadudu kabla ya kuingia, na hapa uvivu wa dakika kumi hugharimu mwaka.

Nikiwa hapa, niseme kuhusu mahali pa kupata hayo matumbawe. Usiende Mbudya na nyundo. Visiwa vya Mbudya na Bongoyo, mbele ya Dar, ni hifadhi za bahari tangu 1975, na matumbawe magumu ya dunia nzima yamo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, hivyo kuyavusha mpaka kunataka kibali. Tafuta vipande vilivyokuzwa kwenye matangi. Vimezoea taa na kioo, na havikufii mikononi kama kile kilichong'olewa jana.

Simama: vitufe vinavyoua

Kuna matumbawe laini yanayofanana na vishikizo vya shati vilivyosongamana juu ya jiwe, wenyewe huyaita zoa au palithoa. Baadhi yana palitoksini, moja ya sumu kali kuliko zote zilizopo baharini, na yenye sumu hayatambuliki kwa macho. Yakivamia tangi, watu hufikiria maji ya moto au brashi ya chuma. Kuchemsha jiwe lenye vitufe hivyo, au kulisugua kwa nguvu nje ya maji, hupeleka sumu hewani, na familia nzima imewahi kulazwa kwa kitendo hicho katika nchi zaidi ya moja.

Yakate yakiwa majini, kwa glavu na miwani, bila kidonda mkononi. Ukihisi ladha ya chuma mdomoni, kifua kubana, homa, misuli kuuma au macho kuwaka baada ya kuyagusa, toa kila mtu chumbani, nenda hospitali, na umwambie daktari neno hilo kamili: palitoksini. Usisubiri asubuhi. Na kidonda cha mkono kinachogeuka uvimbe usiopona wiki kadhaa baada ya kusafisha tangi nacho ni cha daktari. Mtajie kwamba unafuga samaki, la sivyo atakitibu kama kidonda cha kawaida.

Utando na mwani: tazama rangi

Kahawia kama vumbi la kakao juu ya mchanga, tangi lina mwezi mmoja au miwili: ni dayatomu, na wataondoka wenyewe. Futa kioo, usinunue kitu. Wakirudi kwenye tangi la zamani, huenda maji yako ya kujazia yana silika. Angalia chujio lako kwa kipima TDS, kinachopima jumla ya vitu vilivyoyeyuka majini. Maji yaliyotoka kwenye chujio la RO (linalosukuma maji kupitia utando unaozuia chumvi) lenye resini yanatakiwa kusoma 0. Maji ya kunywa ya madukani mara nyingi huwa na madini, na maji ya betri ya gereji nisingeyagusa, kwa sababu chupa ya maji na chupa ya tindikali zinafanana kama mapacha.

Utando mwekundu wa zambarau unaobanduka kama shuka, wenye viputo na harufu: sainobakteria. Chanzo cha kawaida ni sehemu ambayo mkondo haufiki, kisha chakula kilichozidi, kisha mchanga wa zamani usiosafishwa. Unyonye kwa mpira mdogo wakati wa kubadilisha maji, geuza pampu, punguza chakula, rudia wiki tatu. Dawa ya kuua utando ipo, lakini ikiua wote kwa pamoja oksijeni hushuka, kwa hiyo jiwe la hewa liwepo.

Nywele za kijani kwenye mawe ni fosfati, hata kama kipimo chako kinasoma sifuri, kwani nywele zenyewe zinaila kabla hujaipima. Ng'oa kwa mkono, ongeza konokono, punguza chakula. Hakuna njia ya mkato ambayo sijaijaribu.

Sasa wale wabaya. Nyuzi za kahawia kama kamasi, zenye viputo ncha za juu, zinapungua usiku na kurudi mchana, na konokono wanaanguka wamekufa. Wengi huzidhania dayatomu na kuzidi kusafisha, na kadiri wanavyosafisha ndivyo zinavyoenea. Chukua kidogo kwenye chupa, itikise kwa nguvu, chuja kwa karatasi ya tishu, yaache maji hayo kwenye mwanga kwa saa moja. Zikijikusanya tena kuwa nyuzi, ni dinoflajelati. Hawa hushamiri pale naitreti na fosfati zinapofika sifuri na washindani wao kufa njaa. Kwa hiyo utafanya kinyume cha ulichofundishwa: acha kubadilisha maji, lisha zaidi, pandisha naitreti hadi 5 au 10 na fosfati hadi 0.1, nyonya nyuzi kila jioni. Chujio la taa ya UV, ambalo maji hupita ndani yake, husaidia kwa aina zinazoelea usiku. Itachukua wiki sita au zaidi, na utaumwa na macho ya wageni.

Maji meupe kama maziwa

Tangi jipya: mchanga haukuoshwa vya kutosha. Kesho yatatulia. Tangi la zamani lililotiwa siki, sukari au dawa ya bakteria: bakteria wamelipuka, na hatari si weupe bali oksijeni. Tia hewa, acha kulisha, ngoja siku mbili.

Weupe uliotokea dakika chache baada ya kutia kalisi na alkaliniti pamoja ni theluji ya chokaa. Vitu hivyo viwili havimwagwi mahali pamoja wala wakati mmoja. Acha kudozi, pima alkaliniti kesho, nayo itakuwa imeshuka. Pampu zitaganda, kwa hiyo zitoe uziloweke kwenye siki nyeupe na maji nusu kwa nusu hadi chokaa iyeyuke. Kama theluji inakurudia bila kuzidisha dozi, pima magnesi. Ikiwa chini, kalisi haikai majini.

Halafu kuna maji ya bahari yenyewe. Kwetu ni ya bure, nami huyatumia, ila kwa masharti. Chota maji yakijaa, kwa mashua, mbali na mlango wa mto na bandari, na usichote masika au siku chache baada ya mvua kubwa, maana mito ya mjini inaleta kila kitu. Pima chumvi hapo hapo. Ikiwa 32, mvua ilishakutangulia. Yaweke gizani kwenye madumu safi yenye jiwe la hewa kwa wiki, acha taka zitulie, tumia ya juu. Dumu lililowahi kubeba mafuta ya taa halioshwi likaisha.

Samaki ana vidoa

Vidoa vyeupe kama punje za chumvi, unaweza kuvihesabu, samaki anajikuna kwenye mawe lakini anakula: ni kimelea wa vidoa vyeupe, kriptokaryoni. Vinatoweka baada ya siku chache na mtu hushangilia. Havijaondoka, vimeshuka mchangani kuzaliana, vitarudi vingi zaidi. Vumbi laini lisilohesabika, samaki anahema na kukataa chakula: ni amiloodinia, nayo huua ndani ya siku chache. Samaki wa anemoni anayeteleza kwa ute mzito mweupe ana ugonjwa wa tatu, bruklinela.

Tiba ya hizi mbili za kwanza ni shaba, na shaba haiingii kwenye tangi la matumbawe. Itaua kamba, konokono na matumbawe, na mawe yataifyonza na kuitoa tena baadaye. Hamishia samaki wote kwenye tangi tupu lisilo na mawe wala mchanga, lenye hewa na kipande cha bomba la PVC cha kujifichia, tumia shaba kwa kipimo cha kwenye chupa, na upime kila siku. Tangi kuu libaki bila samaki hata mmoja. Wafugaji wengi huhesabu siku 76. Bruklinela haisikii shaba, na dawa yake ya kawaida ni fomalini, ambayo ni sumu kwako pia. Hapo mimi humwita daktari wa mifugo aliyezoea samaki, na wewe fanya hivyo. Kitunguu saumu kitawapa hamu ya kula, hakitibu.

Chumvi haitulii

Ikipanda: maji yanavukizwa, chumvi inabaki. Lita 200 zikipungua 10, chumvi ya 35 inafika karibu 37, na chini ya feni lita 10 huondoka kwa siku tatu au nne. Jazia maji safi ya RO, si ya chumvi, kila siku, hadi alama uliyochora kwenye kioo. Ikishuka: skima (mashine inayotoa uchafu majini kwa povu) inamwaga maji mengi na wewe unajazia maji safi, au kuna uvujaji mdogo unaokauka na kuacha ukungu mweupe. Ukikosea, rudisha sehemu moja kwa 1,000 kwa siku.

Skima

Inafurika: ni mpya, ngoja wiki mbili, au umetia dawa au gundi majini. Haitoi povu: tundu la hewa limeziba kwa chumvi. Vuta maji ya moto kupitia bomba lake. Tisa kati ya kumi ni hilo.

Maji yanatetemesha mkono, au kioo kinavuja

Ukitia mkono ukahisi kitetemeshi, hata chepesi kama siafu, toa mkono na uzime umeme wa chumba kwenye swichi kuu, si kwenye soketi iliyo juu ya maji. Chanzo cha kawaida ni hita iliyopasuka, kisha pampu ya zamani, kisha taa iliyoingiwa na chumvi. Usitafute kwa kuchomoa kimoja kimoja huku mkono wa pili umo majini. Nimemkuta mtu mzima akifanya hivyo. Hita yenye ufa haibandikwi, inatupwa. Kisha mwite fundi umeme aliyesajiliwa, aweke swichi ya RCD inayokata umeme unapovuja, na apime ardhi ya nyumba. Nyaya zote zishuke chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone lidondoke sakafuni.

Kioo kikilia maji kwenye kona, kwanza panguza, bandika karatasi ya tishu, rudi baada ya saa moja. Mara nyingi ni chumvi inayotambaa kutoka kwenye kifuniko. Karatasi ikilowa kutoka chini, teremsha maji hadi chini ya mahali panapovuja, matumbawe na samaki kwenye ndoo zenye hewa na maji yao wenyewe. Maji ya tangi hili peke yake yana uzito wa kilo 205, na mawe na kioo juu yake. Usijaribu kulisogeza likiwa limejaa. Kupaka silikoni juu ya silikoni ya zamani hakushiki, na ile ya bafuni ina dawa ya kuua ukungu. Kwa tangi kubwa, au kioo chenye ufa, nampa fundi vioo kazi yote: akwangue mshono wa zamani hadi mwisho, aunganishe upya, tuuache siku saba ukauke, kisha tulijaze maji ya bomba barazani, siku tatu, kabla halijarudi sebuleni.